Kutoa kontena bandarini Dar, ajenti kanipa bei ya jumla, nielewesheni

Mzigo_Mpya: Wakuu habari zenu, nina kontena la futi 20 la vyombo vya jikoni kutoka Guangzhou linakaribia kushusha, ajenti ananitajia hela moja tu ya jumla hataki kuchambua, hivi ni kawaida?

Baharia: Kawaida kwao mkuu, kwako ni hasara. Mwambie akupe asesimenti ya TRA (hesabu ya kodi unayodaiwa) na kontroli namba ulipe kodi mwenyewe benki, yeye abaki na ajensi fii yake. Piga hesabu: CIF (bei ya mzigo pamoja na bima na usafiri) ikiwa milioni 10 na ushuru ni 25%, hiyo 2.5, halafu VAT 18% inapigwa juu ya 12.5 (CIF pamoja na ushuru) sio juu ya 10, ndo 2.25, bado zile tozo ndogondogo. Vitu vingine viko 35% so HS code (namba ya aina ya bidhaa inayoamua ushuru) iangalie kabla ajenti hajatuma makaratasi.

Mama Kontena: Na TBS, watu wa viwango, je? Kama hukufanyiwa ukaguzi China ukapewa ile sifiketi ya ubora, mzigo utakaguliwa huku na utalipia zaidi, wengi wanaumia hapo.

Mzigo_Mpya: Sifiketi ninayo dada. BL orijino (hati ya mzigo ya meli) ndo bado iko kwa sapraya.

Baharia: Mlipe atoe telex release (ruhusa ya kukupa mzigo bila BL ya karatasi) leo leo, bila hiyo shipping line hawakupi DO (kibali cha kuchukua mzigo), na siku za bure zikiisha unalipa storeji ya bandari na dimareji ya kontena (faini ya kuchelewesha kontena la shipping line), bili mbili tofauti hizo