Kwa nini kadi ya benki, leseni na kitambulisho vina kipimo kimoja?

Mshona Ngozi, Ujiji

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nashona pochi za ngozi hapa Ujiji, na wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa dagaa na mawese. Kwa miaka mingi nimekata mifuko ya kadi kwa kuweka kadi yangu ya benki juu ya ngozi na kuizungushia kalamu, hadi wiki iliyopita mteja mmoja aliponirudishia pochi tatu akilalamika kwamba kadi zinaingia kwa shida na kutoka kwa kuvutwa na meno. Nilipochukua rula, nilishangaa: kadi yake ya benki, kitambulisho chake cha Taifa na leseni yake ya udereva vinalingana kabisa, ilhali vimetolewa na ofisi tatu tofauti. Ni nani aliyepanga kipimo hiki, na ni kipi hasa? Pia, mteja mwingine anadai kwamba kifungo cha sumaku ninachotumia kimemharibia kadi. Je, hilo linawezekana, au natafutiwa sababu tu?

Mpimaji, Mwanga

Fundi, rula yako haikukudanganya. Kadi hizo zote hufuata kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 7810, na umbo lao huitwa ID-1: urefu milimita 85.60, upana milimita 53.98, unene milimita 0.76, na pembe zilizoviringwa ili zisichane kitu. Desimali hizo zinaonekana za ajabu kwa sababu asili yake ni inchi. Upana ule ni inchi 2 na moja ya nane. Hata lile bapa la plastiki unalobandulia laini mpya ya simu mara nyingi lina kipimo hichohicho, kwa kuwa laini za kwanza, mwaka 1991, zilikuwa kubwa kama kadi nzima.

Kosa lako ni kalamu. Ukichora kadi ilivyo kisha ukashona juu ya mstari, hujaiachia kadi nafasi ya unene wake wala wa ngozi inayojikunja. Mimi ningeacha milimita 92 hadi 95 kati ya mshono na mshono.

Mstaafu, Tabora

Naomba nijibu la nani aliyepanga, maana ujana wangu niliumalizia kwenye dawati la mapokezi la hoteli. Kadi hazikuanza na kipimo hiki. Maduka makubwa ya Marekani, kuanzia miaka ya 1930, yaliwapa wateja vibati vidogo vya chuma vyenye jina na anwani, vya takribani milimita 64 kwa 32. Diners Club, kampuni ya kadi za malipo iliyoanzishwa New York mwaka 1950, ilitoa kadi ya karatasi ngumu. American Express nayo ilianza na karatasi mwaka 1958, ikahamia plastiki mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 1958, Bank of America ilituma kadi 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California, ambao hata hawakuziomba, na kutoka hapo ikakua ile inayoitwa Visa tangu 1976.

Lakini aliyekifunga kipimo ni mashine. Sisi pale mapokezi tulikuwa na kifaa kizito cha chuma chenye kitako cha kulazia kadi. Unaweka kadi, juu yake karatasi ya hesabu yenye kaboni, kisha unavuta mpini kwenda na kurudi, na namba zilizoinuka juu ya plastiki zinajichapa kwenye karatasi. Kadi iliyozidi kidogo haikukaa kwenye kitako, na iliyopungua ilichezacheza na kuchapa namba mbilimbili. Vifaa vya namna hiyo vilipotapakaa duniani, nani angethubutu kubadili kadi? Mashine za kutolea fedha zilipokuja, mdomo wake ukatengenezwa kwa kadi ileile. Namba zilizoinuka huongeza karibu nusu milimita, kwa hiyo, fundi, mwenye kadi za zamani atakubana kuliko mwenye kadi mpya zilizo bapa.

Mpimaji, Mwanga

Shikamoo mzee, nashukuru kwa maelezo hayo. Kuhusu sumaku: ule ukanda mweusi au wa kahawia nyuma ya kadi una chembechembe zinazohifadhi taarifa kwa usumaku. Inasimuliwa kwamba Forrest Parry, mhandisi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, alihangaika mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuugandisha kwenye plastiki, kila gundi ikiukunjamanisha, mpaka mkewe aliyekuwa akipiga pasi alipomwambia ajaribu pasi, na ukashika. Kanda ziko za namna mbili. Za kadi za benki kwa kawaida ni ngumu kufutika. Za kadi za kufungulia milango ya hoteli hufutika kirahisi. Chipu, ambayo Mfaransa Roland Moreno aliiombea hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1974, haijali sumaku ya kifungo chako. Muulize mteja ni kadi gani iliyoharibika.

Mshona Ngozi, Ujiji

Shikamoo mzee, ahsanteni nyote. Nimempigia simu: ilikuwa kadi ya mlango wa hoteli aliyolala Dar es Salaam, na ya benki inafanya kazi kama kawaida. Hata hivyo nitakihamishia kifungo kwenye ulimi wa pochi, mbali na mifuko. Nimekata kiolezo kipya cha bati chenye nafasi ya milimita 94, na kadi inateleza bila kudondoka. Je, pasipoti nayo ina kipimo chake?

Mpimaji, Mwanga

Inacho: ID-3, milimita 125 kwa 88 ikiwa imefungwa. Hiyo ni kijitabu kinachonenepa, kwa hiyo achia nafasi zaidi.