Dijei aliyetafsiri muvi ya Tang Wei anyang'anywe maiki LEO

Wakuu, nimetoka kuitazama sasa hivi, Decision to Leave ya Mkorea Park Chan-wook, na mikono bado inatetemeka. Mnamjua huyo dijei. Yule mwenye sauti ya kukwaruza, hata paka akipiga chafya lazima ampe maneno. Simtaji.

Kuna mahali Tang Wei, yule mwigizaji kutoka China, anaongea na paka usiku, kwa Kichina, anamwambia amletee moyo wa yule afande mpole. Moyo! Afande kajificha, anarekodi, simu inamgeuzia Kikorea na kumpa neno la moyo wa nyama, huu unaodunda kifuani. Damu inamwenda mbio. Baadaye sana ndiyo anaelezwa kuwa uliosemwa ni moyo wa kupenda. Muvi nzima imekaa hapo! Na sisi Waswahili neno tunalo, moja, linabeba yote mawili, wala halina kodi. Huyu bwana akasema: "Paka, kaniletee maini ya afande!"

MAINI.

Hivi anajua huyu dada alikotoka? Mwaka 2007 kacheza Lust, Caution, muvi ya Ang Lee, ikabeba Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu kule Venice. 2008 China wakamfungia kwa zile sehemu za kitandani, hadi tangazo lake la vipodozi likashushwa. Mwigizaji mwenzake Tony Leung aliyekuwa naye kitanda kimoja hakuguswa hata ukucha! Karudi kwa kupitia Hong Kong, kaenda Korea, na 2022 kwa muvi hiihii akawa mgeni wa kwanza kuchukua Blue Dragon, tuzo ya filamu ya Korea, ya mwigizaji bora wa kike. Miaka yote hiyo ya kujirudisha, halafu wewe unamfanya muuza supu!

Nimerudisha nyuma mara nne nikidhani masikio yangu. Maini.

Kidumu: Flashi umejaziwa kwa buku, unataka tafsiri ya Umoja wa Mataifa?

Mzee wa Kona: Mtoa mada ana njaa. Mpeni chapati ashushie hayo maini.

Binti Sahare: Afadhali wewe. Kuna ile The Handmaiden ya 2016, mwongozaji huyohuyo, Park Chan-wook. Wanawake wawili wanapendana na kutoroka pamoja. Dijei wako kawafanya mtu na wifi yake wanagombea shamba! Nilikuwa natazama na mama mkwe. Walipoanza kubusiana akanigeukia: "Hawa mawifi wa wapi?" Nilikimbilia jikoni nikakaa huko mpaka magharibi.

Kidumu: Hahahaa shamba lenyewe eka ngapi?

Mama Pilau: Msinitajie wifi. Wangu kaazima sufuria langu la shughuli tangu mwezi wa Ramadhani, nikimpigia anasema liko njiani.

Mtoa mada: Wakuu turudi kwenye mada. Alisema MAINI.

Mzee wa Kona: Mama Pilau, sufuria la kilo ngapi?

Mama Pilau: Kumi na tano! Na mfuniko wake!

Binti Sahare: Na mfuniko?? Huyo harudishi.