Naombeni ushauri: mtihani unabadilika Januari, nimeingizwa kwenye kamati ya kupanga mafunzo ya walimu wa jimbo zima

Mwalimu wa Utica

Wakuu, habari za jioni. Walimu mliomo humu, hasa mliowahi kuendesha semina kubwa, nisaidieni mawazo.

Niko Marekani, jimbo la New York, ila si jijini. Niko huku Utica, nafundisha watu wazima ambao hawakumaliza sekondari: Wakongo, Wasomali Wabantu, watu wa Burma, na wazawa walioacha shule njiani. Kwa wasioujua utaratibu wa huku, mtu wa namna hiyo anafanya mtihani maalumu, akifaulu jimbo linampa cheti kinachohesabika sawa na cha sekondari. Wabongo fikirieni QT (ule mtihani wa kufuzu) na kidato cha nne cha mtahiniwa wa kujitegemea vikiwekwa kwenye kapu moja.

Tangu 2014 sisi tunatumia mtihani uitwao TASC. Wenye nao wanaufunga mwisho wa mwaka huu wa 2021, hivyo kuanzia 2022 tunarudi kwenye GED, tuliyoachana nayo mwisho wa 2013 ilipopanda bei na kuhamia kwenye kompyuta. Hapo ndipo kwenye mtego. Walimu wakongwe wanasema "GED tunaijua". Wanayoijua ni ile ya karatasi, yenye mitihani mitano. Ya sasa ina minne, kusoma na kuandika vimeunganishwa, na yote unaifanyia kwenye kompyuta. Jina limerudi, mtihani ni mwingine kabisa.

Walimu wametapakaa kutoka Buffalo hadi Long Island, wengi wanalipwa kwa saa na wana kibarua cha pili. Pendekezo lililo mezani ni kikao kimoja cha Zoom cha saa mbili, slaidi zitumwe kwa barua pepe, biashara imekwisha. Mimi moyo unakataa, lakini sina hoja nzito ya kuweka mezani zaidi ya kusema haitoshi. Nianzie wapi? Na kama muda unaruhusu kitu kimoja tu, kiwe kipi?

Kijiwe Nongwa

Saa mbili zenyewe nyingi. Nusu watazima kamera wakaange samaki.

Chaki Nyeupe

Mwalimu, pole na majukumu. Mimi nimestaafu, nimekula semina nyingi kuliko chakula cha mchana.

Nikueleze kilichotukuta huku nyumbani baada ya mtaala wa 2005, ule wa kujenga umahiri. Mafunzo yalishushwa kwa ngazi: wawezeshaji wa taifa wanafundisha wa mkoa, wa mkoa wanafundisha wa wilaya, mpaka imfikie mwalimu mwenye wanafunzi. Kule juu watu wanakaa siku kadhaa, wanajadili, wanabishana. Kila ngazi muda unapungua na makaratasi yanapungua. Mwalimu wa darasani anapata muhtasari wa muhtasari, na aliyemletea naye hakuelewa vizuri, ila posho kaichukua. Tulitoka tunajua kutamka "ushirikishwaji wa mwanafunzi", tukaingia darasani tukaendelea kuandika notisi ubaoni.

Kwa hiyo kama mtatumia ngazi, iwe moja tu. Chukueni walimu wachache wanaofundisha kweli, si maofisa, wafunzwe vizuri, kisha waende moja kwa moja kwa wenzao. Na wasiende na slaidi. Waende na maswali ya mtihani wenyewe.

Binti Lamu

Shikamoo Mzee Chaki. Hapo umenena.

Niongeze la Kenya. Mafunzo ya CBC, mtaala mpya wa umahiri, mwaka 2019 yaliwekwa wakati wa likizo ya Aprili. Chama cha walimu, KNUT, wakapinga, na kuna mahali walimu waliingia ukumbini wakayavuruga. Watu wa nje walidhani walimu hawataki mabadiliko. Wengine ndivyo, lakini wengi niliozungumza nao swali lao lilikuwa jepesi: mbona mnatuamulia likizo yetu bila kutuuliza?

Kaka wa Utica, hao wako wanaolipwa kwa saa, je, saa za mafunzo wanalipwa? Kama hawalipwi, hata ulete mwezeshaji kutoka mbinguni utabaki na wale wale watatu wenye moyo. Hilo ndilo la kwanza, kabla hujafikiria ratiba.

Mwalimu wa Utica

Dada Lamu, umegusa donda. Programu nyingine zinalipa, nyingine zinasema "ni kwa faida yako mwenyewe".

Mama Bronx

Karibu kwenye vita, ndugu yangu. Nafundisha watu wazima Bronx, na hilo la malipo lina jibu. Sheria ya shirikisho ya WIOA ya 2014 inaruhusu jimbo kutumia hadi asilimia 12.5 ya ruzuku yake ya elimu ya watu wazima kwa shughuli za uongozi, na mafunzo ya walimu yametajwa humo waziwazi. Sisemi fedha zimelala zinakungoja; huenda zimeshapangiwa kazi. Lakini mezani usiseme "tunaomba mtulipe". Uliza: "katika fungu la uongozi, mafunzo ya mtihani mpya yamewekewa kiasi gani?" Swali hilo linawalazimu kufungua daftari.

Kuhusu kitu kimoja: kila mwalimu akae aufanye mtihani wa majaribio mwenyewe. Sio auone kwenye slaidi, aufanye. Kompyuta mbele, saa inahesabu. Wa hesabu ni dakika 115. Ule wa lugha ni dakika 150, na ndani yake kuna dakika 45 za insha ya kuchapa. Mwalimu mkongwe akitoka hapo hutamsikia tena akisema "GED tunaijua". Hakuna hotuba itakayofanya kazi hiyo.

Mwana Bukavu

Mie si mwalimu, naomba radhi kuingilia. Mie nilifanya hiyo GED hapa Louisville, Kentucky. Nataka niseme upande wa mwenye kukaa kwenye kiti.

Hesabu haikunisumbua sana. Aljebra ni zaidi ya nusu ya ule mtihani, na shule ya Bukavu ilitupigisha aljebra vya kutosha. Kilichonisumbua ni vitu ambavyo mwalimu haoni kama ni somo. Kuchapa. Kuvuta jibu kwa kipanya na kuliachia mahali pake. Kile kikokotoo cha kwenye skrini, TI-30XS, hata kuandika sehemu (kama robo tatu) ndani yake ni lazima ujue kitufe gani. Mwenzangu aliijua hesabu yote ila dakika zikamwishia akitafuta kitufe.

Tena insha. Sisi tulisoma insha ya kutoa maoni: "je, mji ni bora kuliko kijiji?" Hii haikuulizi maoni. Wanakupa maandishi mawili yanayobishana, unatakiwa useme ni upande gani una ushahidi wenye nguvu zaidi na kwa nini. Mie mara ya kwanza kwenye mazoezi niliandika maoni yangu mazuri sana. Mwalimu akasema, Papa, umeandika vizuri lakini hujajibu swali. Waambieni walimu hilo mapema, jameni.

Kijiwe Nongwa

Kikokotoo! Huku kwetu hilo ndilo jina la kanuni ya kukokotoa pensheni; ukilitaja wastaafu wanapanda presha. Mzee Chaki upo?

Chaki Nyeupe

Nipo, na sitaki kuzungumzia kikokotoo hicho.

Bwana wa Bukavu, asante sana. Mwalimu wa Utica, maneno haya yachukue kama yalivyo uyaweke ukurasa wa kwanza wa mpango wako. Walimu tuna tabia ya kupanga mafunzo kwa mada: leo hesabu, kesho sayansi. Mtu huyu amekuonyesha kwamba mwanafunzi anakwama kati ya mada na mada.

Mwalimu wa Utica

Mmenifungua macho. Hebu nipime wazo hili kwenu. Oktoba, kabla theluji haijafunga barabara, kila kanda walimu wakutane siku nzima ana kwa ana: asubuhi wafanye mtihani wa majaribio, mchana wakae kwa somo wachambue maswali yaliyowashinda. Novemba na Desemba vikao vifupi vya Zoom, kila kimoja na kazi: umejaribu nini darasani, leta maandishi ya mwanafunzi tuyasahihishe pamoja. Mtihani ukianza, kikao kingine cha kuangalia waliofanya wamekwama wapi.

Ninachoogopa ni walimu wa sayansi na maarifa ya jamii kulalamika kwamba kila kitu ni hesabu na insha.

Mama Bronx

Mpango unakwenda. Kusahihisha pamoja ndiko kutakakowafundisha zaidi ya hiyo siku nzima, kwa sababu mtawapa insha ile ile watu sita na mtapata alama sita tofauti, kisha mtabishana mpaka muelewe mtahini anatafuta nini. Usikubali mtu akifute hicho kipengele ili kuokoa muda.

Walimu wa maarifa ya jamii wape takwimu moja watulie: nusu ya mtihani wao ni uraia na serikali, historia ya Marekani ni asilimia 20 tu. Wengi wameanzia Christopher Columbus na wanafika Machi hawajagusa Katiba. Wa sayansi nao waambie mwanafunzi hakariri tena sehemu za chura. Anasoma jedwali na grafu, anapima kama jaribio limefanywa sawasawa. Hiyo ni kazi ya kusoma, kwa hiyo wakae meza moja na walimu wa lugha.

Na msianze kuandika vitini upya. CUNY, chuo kikuu cha jiji la New York, walishatengeneza mwongozo wa mtaala wa madarasa haya, na kuna kundi la walimu wa hesabu wa watu wazima hapa New York, CAMI, linaloendeshwa na walimu wenyewe. Waombeni wawaongoze upande wa hesabu.

Binti Lamu

Mimi nina shaka na "kila kanda". Huko juu mpakani na Kanada mwalimu mmoja anafundisha masomo yote manne peke yake. Ukisema mchana wakae kwa somo, yeye akae wapi?

Mwalimu wa Utica

Hapo sikufikiria kabisa. Na hao ndio wengi upande huo.

Mama Bronx

Hao wape mchana wao peke yao. Wakae na insha na kompyuta, maana hivyo viwili vinakata masomo yote, na sayansi na maarifa ya jamii wavipate kwenye Zoom za Novemba. Halafu kila mmoja apewe mwenzake wa kanda nyingine wa kumpigia simu, kwa jina na namba, isiwe "wasiliana na ofisi".

Mwana Bukavu

Na wanafunzi waliofaulu masomo mawili matatu ya TASC, wakabakiza moja? Wanarudia yote?

Mwalimu wa Utica

Ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila jioni darasani. Kesho nitaomba jibu la maandishi kutoka idara ya elimu ya jimbo, mwalimu yeyote asije akatoa la kichwani kwake. Kikao cha kamati ni Alhamisi. Mzee Chaki, nikikutumia rasimu ya ratiba Jumanne utaipitia?

Chaki Nyeupe

Itume Jumatatu. Nitaikata.