Nimerudi Newala likizo, watu wananiletea miguu. Nifanye nini kabla ya kliniki ya Februari?

Binti_Newala aliandika:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Ninasomea podiatria, yaani utabibu wa miguu, Johannesburg. Ni shahada ya miaka 4 na nimemaliza mwaka wa pili. Nimefika nyumbani wiki iliyopita, nimekuta korosho za mwisho bado zimeanikwa uani, embe zimejaa kila kona, na mvua imeanza kupiga bati jioni. Nina mambo mawili yananinyima usingizi, na yote yanahusu kisu kimoja.

La kwanza ni kliniki. Mwaka huu nilikuwa nasimama nyuma ya wanafunzi wakubwa, napokea vifaa, naosha, napanga trei, napeleka kwenye mashine ya kutakasia. Februari mambo yanabadilika. Napewa kiti changu, mgonjwa anakaa mbele yangu, ananyoosha mguu. Lazima niulize historia yake, nitazame ngozi, kucha na katikati ya vidole, nipapase mapigo ya mgongo wa mguu na nyuma ya kifundo cha ndani, nipime hisia, ndipo nimwite msimamizi nimweleze nilichokiona na ninachotaka kufanya. Asipokubali, kisu hakitoki kwenye trei. Mifupa 26 ya mguu mmoja naitaja nimefumba macho. Ila siku niliyopewa kupunguza sugu ya bibi mmoja, gogo kama wanavyowaita kule, huku msimamizi amesimama begani kwangu, mkono ulitetemeka mpaka nikaomba kuacha. Bibi wa watu alinishika kidole akasema kitu kwa Kizulu ambacho sikukielewa. Nilienda bwenini nikalia.

Basi tangu nifike hapa ninajifunza kwa sabuni ya mche. Nilikuja na mpini wa kisu changu cha kliniki na wembe wake namba 10, nanunua kipande cha sabuni dukani, nakaa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba. Ile sabuni ina maandishi yamegandamizwa juu yake. Zoezi langu ni kuyafuta maandishi kwa kukwangua tabaka jembamba jembamba, sabuni isichimbike. Siku ya kwanza nilitoboa mashimo. Leo nimeweza kutoa tabaka ambalo ukiliinua juani mwanga unapita.

Sasa la pili. Majirani wameona. Habari zimepita kisimani, zikapita mnadani, kwamba mtoto wa fulani amesomea miguu Afrika Kusini na amerudi na kisu chake. Kila asubuhi kuna mtu barazani. Mmoja ana magaga yamepasuka hadi damu, mwingine ukucha wa dole gumba umeota ndani, kijana wa korosho amekuja na nyayo zimeungua kwa yale mafuta ya maganda. Mmoja amekuja na funza kwa mtoto. Ninawapokea, ninaosha, ninawaelekeza. Hapo sina shida.

Shida ni mama mkubwa. Huyu ndiye aliyenilea miaka mitano mama alipokuwa Liwale. Ana kisukari, anakunywa vidonge, anavikumbuka siku nyingine na nyingine havikumbuki. Chini ya mguu wa kulia, pale dole gumba linapoanzia, ana sugu nene kama pesa ya shilingi mia mbili. Amekuwa akiikata mwenyewe kwa wembe wa dukani, akishaloweka mguu kwenye beseni. Juzi akaniambia, "Mwanangu, si umesomea hivi? Nikatie basi, inanisumbua nikivaa ndala." Nilipoitazama kwa tochi ya simu nikaona katikati yake pana doa jeusi, jekundu kwa mbali, kama damu iliyokauka chini ya kioo. Nikamuuliza inauma? Akasema haiumi kabisa, inamkera tu.

Nimemwambia asubiri. Ameona kama namnyima. Usajili wangu wa mwanafunzi unaniruhusu kugusa mgonjwa chini ya msimamizi tu, na huko huko. Lakini huyu ni mama yangu, na wembe wake uko juu ya kabati, ataikata mwenyewe wakati wowote. Naomba waliofanya kazi na miguu ya watu wa kisukari mnishauri. Na kama kuna aliyewahi kujiandaa kuingia kliniki ya aina yoyote, aniambie mkono unatulizwaje.

Muuguzi_Lindi alijibu:

Marahaba mdogo wangu, pole kwa safari na hongera kwa masomo. Niko Lindi, miaka tisa sasa nipo kliniki ya kisukari, na kazi yangu kubwa ni kufunga vidonda vya miguu. Naanza na mama mkubwa kwa sababu yeye hawezi kungoja Februari.

Usikate. Na ule wembe uondoe juu ya kabati leo, si kesho. Doa jeusi ndani ya sugu ya mtu wa kisukari ni damu iliyovuja chini, na mara nyingi ukifungua unakuta kidonda tayari kipo, kimefunikwa. Sugu yenyewe inagandamiza kama jiwe ndani ya kiatu, nyama ya chini inakufa polepole, na yeye hasikii kwa sababu mishipa ya fahamu imeshachoka. Kusema "haiumi kabisa" ndiyo neno lililonishtua katika maelezo yako yote. Sugu nene hivyo kwa mtu anayehisi ingemuuma.

Mpeleke hospitali ya wilaya kesho asubuhi. Sema mlangoni kabisa: ana kisukari na ana doa la damu chini ya sugu. Usiseme "ana sugu", mtaambiwa mrudi wiki ijayo. Waombe waikwangue hapo, waangalie chini kuna nini, na kama kuna kidonda wachokoe kwa kifaa kisafi kuona kama kinafika kwenye mfupa. Mpaka mtakapofika, asiukanyagie mguu ule zaidi ya lazima. Panda naye bodaboda, msitembee.

Halafu fanya kitu kimoja usiku huu ambacho hakihitaji usajili wa mtu yeyote. Najua kule mna kile kijiuzi cha nailoni cha kupimia hisia, kinachopinda kwa uzito wa gramu 10. Hapa mara nyingi hatuna. Mlaze mama, afumbe macho, mguse kwa ncha ya kidole chako cha shahada kwenye ncha za vidole vyake vitatu kila mguu: dole gumba, kidole cha kati, na kidole cha mwisho. Gusa tu, kama unyoya, sekunde moja au mbili, usibonyeze, usigonge. Aseme kila anaposikia. Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, miguu yake haimlindi tena. Na muulize swali moja ambalo mimi huwauliza wote: ndala imewahi kumchomoka njiani asijue?

Kuhusu mkono wako. Mimi wangu ulitetemeka miezi mitatu. Kilichonisaidia ni kwamba mkono haupaswi kuning'inia hewani. Kidole cha mwisho kiegemee kwenye mguu wa mgonjwa muda wote, hapo mguu ukisogea na mkono unasogea nao. Mkono wa pili uivute ngozi ikaze, maana ngozi iliyolegea ndiyo inayokatika. Kwenye sabuni huwezi kujifunza kuvuta ngozi, lakini kuegemeza unaweza. Jaribu kesho, utaona tofauti.

Na hao wanaokuja barazani usiwafukuze. Hao ni zawadi. Tazama miguu yao, papasa mapigo, andika kwenye daftari. Mimi nilipoanza nilikuwa siwezi kuyapata mapigo ya nyuma ya kifundo, nikawa nawaomba ndugu zangu wote miguu yao jioni. Mpaka kliniki ifunguliwe uwe umeshika miguu hamsini mizima, ili ule mbovu ukija ujitambulishe wenyewe.

Mzee_wa_Masasi alijibu:

Mjukuu wangu, nimesoma na nimefurahi. Mimi ni tabibu mstaafu. Nilianza kazi wakati ukoma bado ni mwingi huku kusini na zile dawa za mchanganyiko zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 ndiyo kwanza zinatufikia. Kila nilichojua kuhusu miguu nilifundishwa na watu wa ukoma.

Zamani watu waliamini vidole vya mkoma vinaoza na kudondoka vyenyewe. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore huko India, ndiye aliyeonyesha kwamba nyama ile ni nzima kama yangu na yako. Kilichokosekana ni maumivu. Mtu anatembea juu ya msumari kutwa nzima kwa kuwa hakuna kinachomwambia asimame. Daktari huyo alikuwa anautia mguu wenye kidonda kwenye plasta ngumu, kama ya mfupa uliovunjika, mgonjwa akatembea nayo, na kidonda kinapona, kwa sababu kimepumzishwa. Kisukari kimeleta ganzi ile ile kwa njia nyingine. Nakuambia haya ili ukikaa mbele ya mgonjwa wako Februari, usianze na sugu. Anza na viatu. Vigeuze, tazama soli imeliwa wapi, ingiza mkono ndani upapase. Mara ngapi nimekuta msumari au punje ya changarawe ndani ya katambuga, na mwenyewe hana habari.

Nyumbani tuliwafundisha waloweke miguu kwenye maji nusu saa, wasugue sugu kwa jiwe, wapake mafuta kabla miguu haijakauka. Mfundishe mama mkubwa.

Muuguzi_Lindi alijibu:

Shikamoo mzee wangu, na asante sana kwa hilo la viatu. Kwa heshima, hapo pa kuloweka naomba nitofautiane kwa huyu mama. Kwa mwenye kisukari tunakataza. Asiye na hisia hajui maji ni ya moto kiasi gani, nimepokea mguu ulioungua hadi malengelenge kwenye beseni la nyumbani. Na ngozi ya katikati ya vidole ikilowa sana inapasuka, wadudu wanaingia. Aoshe haraka kwa maji ya kawaida, akaushe kidole kwa kidole, mafuta apake juu na chini lakini katikati ya vidole asipake. Na jiwe asiguse hiyo sugu yenye doa.

Mzee_wa_Masasi alijibu:

Nimekuelewa, mwanangu. Sisi mgonjwa wetu alikuwa na ngozi kavu kama gome, na damu ilikuwa inafika vizuri. Fuata ya muuguzi.

Mwanachuo_Mtwara alijibu:

Dada, mimi niko mwaka wa tatu wa utabibu hapa Mtwara mjini, sijawahi kushika kisu cha sugu ila mitihani ya vitendo naijua. Kinachotuangusha wengi si mkono, ni mdomo. Unajua la kufanya lakini ukisimama mbele ya msimamizi maneno yanakimbia. Sisi geto tunafanya hivi: mmoja anakaa kitini awe mgonjwa, mwingine anashika saa ya simu, wa tatu anaeleza kwa sauti kila anachofanya, kuanzia kunawa mikono. Dakika zikiisha tunabadilishana. Wewe mama mkubwa, majirani na wadogo zako wote ni wagonjwa wako. Waeleze kwa sauti hata kama wanacheka. Na huyo mama mpeleke dada, tafadhali utuambie.

Binti_Newala aliandika:

Ni siku ya nne leo. Samahanini kwa kukaa kimya.

Usiku ule ule nilimgusa vidole kama ulivyosema, dada. Mguu wa kushoto alisikia viwili. Wa kulia hakusikia hata kimoja. Alifumbua macho akauliza, "Umeanza?" Nilikuwa nimemaliza. Nikamuuliza habari ya ndala. Akafikiri kidogo, akasema mwezi wa kumi alitoka shamba akafika nyumbani na ndala moja, akadhani watoto wameificha nyingine.

Asubuhi nilikodi bodaboda. Nilisema mlangoni maneno yale yale, hatukuambiwa tusubiri wiki. Tabibu aliyetupokea ni mama wa makamo, hakuwa na haraka. Nilimwambia ninachosoma, akaniambia nisimame karibu nishike tochi. Nilitazama mkono wake kuliko nilivyotazama sugu. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeegemea mguu wa mama toka mwanzo hadi mwisho, na sugu ilitoka tabaka kwa tabaka kama ile sabuni yangu. Tabaka la nne au la tano, majimaji yakatoka. Chini palikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi. Mama mkubwa alikuwa anamsimulia muuguzi bei za korosho za mwaka huu, hakujua tumefika wapi.

Alikichokoa, hakikufika kwenye mfupa. Picha ya eksirei nayo haikuonyesha kitu. Mapigo ya mgongo wa mguu yapo, niliruhusiwa kuyapapasa. Amefungwa, sukari imepimwa na dawa zimeongezwa, na ameambiwa mguu upumzike. Hilo la kupumzika ndilo zito, maana mama mkubwa hajawahi kukaa chini mchana tangu nimfahamu. Nimewaambia wadogo zangu maji na kuni ni vyao sasa. Wembe nimeutupa chooni, yeye mwenyewe akiwa anaona.

Mzee wangu wa Masasi, viatu vyake nimevigeuza vyote. Ndala ya kulia imeliwa hadi kuwa shimo pale pale chini ya dole gumba.

Jumatatu tunarudi kufungua kidonda. Yule tabibu ameniambia nije na daftari, na nimweleze yeye kwa sauti nilichokiona kabla hajagusa bandeji.