Kupandikizwa mfupa kwenye ufizi: kuna aliyefanyiwa?

MamaRehema, Tanga
Asalaam aleykum. Nina miaka 46. Mwaka mzima natema damu nikipiga mswaki, nikajua mswaki ni mgumu. Sasa gego la chini kulia linacheza, na ukibonyeza ufizi unatoka usaha. Daktari alipima kwa kile kichuma chenye alama: ufizi umeachana na jino kwa kina cha milimita 8, wakati kawaida haizidi 3. Kwenye eksirei mfupa umeliwa upande mmoja wa mzizi, kama shimo. Nimeshasafishwa ugaga hadi mizizini, kwa ganzi. Narudi baada ya wiki 8. Kina kisipopungua, anataka kufungua ufizi atie unga wa mfupa.

Unga huo unatoka wapi? Mimi Mwislamu, naogopa kuwekewa cha nguruwe bila kujua. Na gego hili ndilo ninalotafunia. La kushoto niling'oa zamani.

JumaFundi
Pole dada. Jino likishacheza si ung'oe tu yaishe?

MwalimuMstaafu, Mombasa
Juma, usimharakishe. Mimi langu nilifanyiwa, na bado ninalo.

Dadangu, hilo shimo la upande mmoja ndilo linalokupa matumaini. Unga unahitaji kuta za mfupa za kuushikilia. Mfupa ukishuka sawasawa kuzunguka meno yote, unga hauna pa kukaa. Daktari wangu alinichorea hivyo kwenye karatasi.

Lakini alikataa kunigusa kwanza. Nina kisukari, na kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 3 kilisoma asilimia 9.4. Nilihangaika nusu mwaka hadi 6.8, ndipo akakubali. Una sukari? Unavuta sigara? Mambo hayo mawili huzuia kidonda kupona, pima sukari mapema tafadhali.

Unga wenyewe ulifanana na chumvi ya mawe. Upo wa ng'ombe, wa nguruwe, wa binadamu aliyejitolea, wa kutengenezwa kwa kalsiamu na fosfati, na wanaweza pia kuchota mfupa wa taya lako mwenyewe. Nyuzi zilitolewa siku ya 14. Wiki hizo sikupiga mswaki upande ule, nilisukutua dawa na kunywa uji uliopoa. Kutoka milimita 7 nimebaki na 4. Jino halichezi tena, ila kila miezi 3 narudi kusafishwa, sikosi.

Na uliza pia juu ya utando wanaofunikia unga. Watu husahau huo.

MamaRehema, Tanga
Mwalimu, Mungu akulipe. Nimempigia daktari leo. Unga ni wa ng'ombe, lakini utando aliokuwa nao ni wa nguruwe! Amesema ataagiza wa ng'ombe, nami nimemwomba anioneshe boksi kabla ya kufungua. Sukari napima Jumatatu.