Bristol: Tumelipia historia na chakula, tumeambulia porojo na samaki wa baridi

Ndugu wanajukwaa,

Nimengoja siku tatu hasira zipoe ndipo niandike, na hazijapoa. Jumamosi nilimpeleka shemeji yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, kwenye matembezi ya kuongozwa katika bandari ya kale ya Bristol, Uingereza, chakula cha mchana kikiwemo, kwa pauni 48 kila mmoja. Tangazo liliahidi "historia yote ya bandari".

Kwenye daraja la waenda kwa miguu lenye pembe mbili kubwa mfano wa tarumbeta, mwongozaji alitusimamisha dakika kumi nzima akieleza kuwa pembe zile ni uzito wa kusawazisha kipande cha kati kinapoinuliwa ili mashua zipite. Ni kweli, na sina ugomvi na hilo. Shemeji akauliza jina la daraja, akajibiwa "Pero", kisha tukaambiwa tusonge mbele. Pero ni nani? Kwa pauni 48 hatukustahili kuambiwa kwamba Pero Jones alikuwa mtumwa aliyeletwa mjini humo kutoka kisiwa cha Nevis na John Pinney, tajiri wa mashamba ya miwa, ambaye nyumba yake iliyoko mtaa wa Great George sasa ni makumbusho. Jirani na daraja hilohilo ndipo sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, ilipotoswa majini na waandamanaji tarehe 7 Juni 2020, nalo likarukwa. Sukari na tumbaku zilitajwa kila kona, kana kwamba zilijivuna na kujipakia melini zenyewe.

Mgahawani tulikaa dakika hamsini. Samaki alikuja na ganda la kahawia la kupendeza, lakini nilipomkata, katikati alikuwa wa baridi kabisa, na chipsi zimelegea. Kisha ikaja bili ya soda mbili, pauni 7, ikiwa na ada ya huduma ya asilimia 12.5 iliyokokotolewa pia juu ya chakula tulichokwisha kulipia, jumla pauni 5.63, ilhali kwa soda peke yake isingefika hata pauni moja. Chini kabisa, kwa herufi za kusomea miwani, imeandikwa kuwa ada hiyo ni ya hiari. Niliomba iondolewe, meneja akasema kompyuta haikubali. (Binti aliyetuhudumia hana kosa, nilimpa chake mkononi.)

Kampuni imenijibu kwa "asante kwa maoni yako" na punguzo la matembezi mengine, kana kwamba nimelalamika kwa kuwa hayakutosha.

Jumapili tulikwenda wenyewe makumbusho ya M Shed, ambako kiingilio ni bure. Sanamu ya Colston imelazwa chali, rangi waliyompaka waandamanaji ingali mwilini, na shemeji alisimama pale akisoma kila kibao hadi miguu ikaniuma.

Ninataka nusu ya fedha yangu na ile ada yote. Aliyewahi kudai marejesho ya namna hii kupitia benki ya kadi yake anielekeze nianzie wapi.