Miche ya nyanya inalala chini na mvua iko mlangoni, naombeni ushauri

Mama Pendo
Hamjambo nyote. Niko Bahati, nje kidogo ya Nakuru. Nimesia nyanya kwenye kitalu nyuma ya nyumba ili mvua ndefu ikishika mwisho wa Machi miche iwe tayari kupandikizwa. Mbegu ziliota vizuri siku ya saba. Siku ya kumi nikaamka nikakuta sehemu ukubwa wa sahani imelala. Ukitazama shina pale linapotoka ardhini, limekuwa jembamba kama uzi, tena majimaji. Leo asubuhi sahani imekuwa sinia. Na si kwamba nimezembea: namwagilia asubuhi na jioni, nimeweka kivuli cha magunia. Nipige dawa gani? Sijapata usingizi tangu Jumanne.

Karoti wa Njoro
Pole sana dada. Mimi nyanya niliziaga. Mwaka wa kwanza baridi ilizichoma majani yakawa meusi, mwaka wa pili zikazaa vizuri, nikafika soko la Wakulima nikakuta kila mtu ana kreti. Nilirudi nyumbani na nauli tu. Siku hizi ni sukuma wiki. Inakatwa leo, wiki ijayo inakatwa tena, na jirani hakosi mlangoni na sufuria yake.

Mwalimu Mstaafu
Mama Pendo, unachoeleza ni kinyausi. Ni kuvu wa kwenye udongo, na chakula chake ni unyevu mwingi na hewa kidogo. Kwa hiyo upendo wako ndio unaoiua hiyo miche. Acha maji ya jioni kabisa. Mwagilia asubuhi tu, na udongo wa juu ukauke kidogo kabla ya kurudia. Magunia yainue yawe mita moja juu ili upepo upite. Ng'oa iliyolala pamoja na udongo wake, hata na ile ya kandokando inayoonekana nzima, ukatupe mbali. Palipobanana punguza, miche isigusane majani.

Wiki moja kabla ya kupandikiza, punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo ili miche ikomae. Usiipeleke shambani ikiwa laini kama mtoto aliyetolewa bafuni.

Dawa siwezi kukutajia kabla hujanijibu mambo mawili. Udongo wa kitalu uliutoa wapi? Na shamba lenyewe lilikuwa na nini msimu uliopita?

Binti wa Ahero
Mama yangu hasii mbegu chini. Huku kwetu maji ya mto yakipanda yanaingia hadi jikoni, kwa hiyo yeye hutengeneza kitalu juu ya kichanja, na kuku nao hawafiki. Udongo anaukaanga kwanza: anatandaza kwenye bati kuukuu, anawasha moto chini, anaunyunyizia maji na kuugeuza kwa koleo mpaka utoe mvuke. Unapoa siku nzima ndipo anasia. Osuga yake, ile mboga ya majani mnayoiita managu kwenu, haijawahi kulala. Nilipokuwa mdogo nilidhani anapika.

Mama Pendo
Asanteni sana. Mwalimu, magunia nimeshainua. Udongo ni wa hapa hapa shambani, niliuchekecha vizuri. Shamba ni robo ekari, jeusi, limelimwa mara mbili na samadi iliyoiva imeingia. Vijiti vya kusimamishia nyanya 600 vimeshaletwa, na fundi wa kuchimba mashimo nimemlipa nusu. Kwa hiyo nyanya nitapanda, hilo limeshapita. Ninachouliza ni miche tu. Hiyo ya kukaanga udongo naipenda, nitaijaribu kesho.

Mwalimu Mstaafu
Nimeuliza mawili, umejibu moja. Shamba lilikuwa na nini?

Mama Pendo
Viazi. Lakini vilishatoka zamani, tangu Novemba.

Mzee wa Subukia
Mwanangu, viazi vya mvua fupi haviwi tayari Novemba. Vilitoka au vilikufa?

Mama Pendo
Mzee, shikamoo. Vilinyauka. Vilikuwa vinachanua, vya kijani kabisa, mchana vinalegea kama vimemwagiwa maji ya moto, jioni vinasimama. Baada ya siku nne havikusimama tena. Nilipovichimba, vingine vilikuwa vinatoa ute kwenye macho. Nilidhani ni jua. Mbegu nilinunua kwa mtu njiani, hazikuwa za kuthibitishwa.

Sikutaka kuandika haya kwa sababu mume wangu yuko Mombasa kazini na ndiye aliyetuma pesa za hivyo viazi. Nilimwambia vimeuzwa. Nikamwambia pesa nimeziweka. Sasa mnaelewa kwa nini nyanya lazima zishike. Nyanya zikishika, ile pesa inarudi na yale maneno yanakuwa kweli.

Dua la Mama
Hapo ndipo kitalu chako kilipooza, dada. Ndoa haipandwi kwa uongo. Mpigie leo. Mimi nilimficha wangu deni la chama miaka miwili, na siku alipojua hakuuliza deni ni kiasi gani. Aliuliza ni nani mwingine anajua.

Bw. Koleo
Achana na mambo ya ndoa. Nunua miche iliyo tayari kwenye trei, mizizi imefungwa vizuri, unapandikiza siku hiyo hiyo. Mambo yamekwisha.

Mwalimu Mstaafu
Hayajaisha, Koleo. Miche ya trei itakufa vile vile. Kilichoua viazi vya Mama Pendo si jua, ni mnyauko wa bakteria, na viazi na nyanya ni ukoo mmoja. Pilipili, biringanya na managu nao wamo. Ugonjwa unabaki ardhini kwa miaka.

Shahidi wa Pipeline
Jamani, tusidanganyane. Mtu wa Bahati, katikati ya viazi, hajui mnyauko? Juzi swali lilikuwa maji, jana vijiti, leo mume wa Mombasa. Mwezi uliopita alikuja mwingine hapa, kuku wamekufa, mume yuko mbali, watu wakalia naye, mwisho akaweka namba ya kuchangiwa. Hii ni hadithi, ngojeni sehemu ya pili.

Karoti wa Njoro
Hata mimi hiyo ya maneno kugeuka kweli imenishtua. Imeandikwa vizuri mno.

Dua la Mama
Kwa hiyo mwenye shida akijieleza vizuri ni mwongo? Aandike kwa makosa ndipo mumwamini?

Shahidi wa Pipeline
Nimesema tu tusitoe machozi kabla ya ushahidi.

Mama Pendo
Sijaomba senti ya mtu. Nimezaliwa Nakuru mjini, mtaa wa London, huku nimeolewa tu, na huu ulikuwa msimu wangu wa kwanza kulima mwenyewe. Kama ni hadithi, ningejipa mwisho mzuri.

Mzee wa Subukia
Tuache mahakama. Kama ni hadithi, kuna msomaji mwingine ambaye kwake si hadithi, naye anahitaji jibu. Mwanangu, shambani hukosi viazi maotea vilivyojiotea. Tafuta kimoja kinacholegea mchana. Kata shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Jaza glasi maji safi, kishikilie kile kipande kwa juu, ncha iliyokatwa iguse maji tu. Usitikise. Ngoja dakika chache. Kukitoka nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka polepole, ni mnyauko. Maji yakibaki safi, tutaongea mengine.

Mama Pendo
Nimetoka shambani sasa hivi. Karibu na bomba kulikuwa na maotea matatu, moja limelegea. Nimefanya kama alivyosema Mzee, na Pendo ameshika glasi dirishani. Hata dakika tatu hazikuisha. Nyuzi zimeshuka, nyeupe, mpaka chini ya glasi. Pendo ananiuliza kama mmea unanyonyesha.

Je, nikipanda nusu tu? Ule upande wa juu ambako viazi havikufa vyote?

Mwalimu Mstaafu
Pole, mama. Hapana, hata nusu. Maji ya mvua yatabeba ugonjwa, jembe litabeba, viatu vitabeba. Angalau miaka mitatu usiweke ukoo wa nyanya hapo. Ng'oa maotea yote, usiyatupe kwenye mboji. Na kitalu chako ni udongo ule ule, kwa hiyo hata miche iliyosimama usiigawie jirani. Mahindi, sukuma, kabichi, maharage, hao hawaujui ugonjwa huo. Kitunguu umechelewa, kinakaa kitaluni wiki sita hadi nane. Hamu ya nyanya ikizidi, jaza magunia matano udongo wa kwingine, weka juu ya mawe mbali na mtiririko wa maji.

Mama Pendo
Na vijiti 600?

Mzee wa Subukia
Maharagwe ya kutambaa. Mvua ikishika, mbegu zinaingia moja kwa moja shambani, hazihitaji kitalu. Fundi uliyemlipa nusu achimbe mitaro ya kugeuza maji badala ya mashimo.

Karoti wa Njoro
Sukuma ninayo kitaluni ya wiki tatu, nilisia nyingi kuliko shamba langu. Nikiwa na jirani wa kuninyima usingizi na sufuria, bora nimpe mtu miche. Njoo Jumamosi na kreti.

Shahidi wa Pipeline
Mama Pendo, weka picha ya hiyo glasi.

Mama Pendo
Picha nimemtumia baba Pendo kwanza, na maelezo yote ya viazi chini yake. Imeonekana ameisoma. Bado hajajibu, zamu yake inaisha saa kumi na mbili. Nikishaongea naye nitaiweka hapa. Karoti, nitakuja. Nibebe matandazo ya nyasi za kufunikia mizizi njiani?

Karoti wa Njoro
Beba gunia lililoloweshwa, linatosha. Na uje asubuhi, jua la saa sita litaikausha kabla hujafika Bahati.